Dunia ya Minecraft haibahatishwi, na ina mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nisahihishe mambo matatu yaliyoandikwa katika makala yenu ya karibuni kuhusu michezo ya kompyuta, ile iliyowaeleza wazazi jinsi gemu ya Minecraft inavyojitengenezea milima, mabonde na bahari pasipo mtu kuichora. Mwandishi alisema, kwanza, kwamba dunia ya gemu hiyo hutokea kwa bahati nasibu. Pili, kwamba haina mwisho. Na tatu, kwamba vituko vinavyoonekana humo, kama vile visiwa vinavyoelea hewani na mito isiyokwenda popote, ni makosa ya mafundi wavivu ambayo siku moja yatafutwa. Makala kwa jumla ilikuwa nzuri, na ni nadra kwa magazeti yetu kuandika habari za gemu bila ya kuzibebesha lawama za watoto kufeli mitihani. Hata hivyo mambo hayo matatu si kweli, na la tatu ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu vituko hivyo ndivyo ushahidi unaokanusha lile la kwanza na lile la pili.

Huenda wasomaji wakashangaa mtu wa umri wangu anatafuta nini huko. Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa zaidi ya miaka 30, muda mwingi katika Mkoa wa Tanga, na nilipostaafu kitindamimba wangu aliniachia kompyuta yake ikiwa na gemu hiyo ndani. Niliifungua kwa nia ya kuifuta. Sikuifuta, kwa kuwa mtu aliyezoea kusoma kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo cha ardhi, hawezi kutazama sura ya nchi, hata iwe ya matofali ya mita moja moja, asijiulize imepatikanaje. Na siku ya kwanza tu nilikuta mto ambao, kwa kanuni zote nilizofundishwa, haukupaswa kuwepo. Tangu hapo nimekuwa nikitembea humo kama nilivyokuwa nikitembea porini na wasaidizi wangu wa kushika fito, tofauti ikiwa kwamba huku hakuna siafu.

Nianze na bahati nasibu. Mchezaji anapoanzisha dunia mpya huulizwa mbegu, yaani namba au neno la kuanzia, na akipaacha mahali hapo wazi kompyuta humchagulia namba yenyewe. Hapo tu ndipo bahati inapoingia, na ikishaingia mara hiyo moja mlango hufungwa. Kuanzia hapo kila kilima, kila pango na kila mti hutoka katika namba ile kwa hesabu, kiasi kwamba mtu wa Mombasa na mtu wa Muscat wakiandika mbegu ileile katika toleo lilelile la gemu wataona genge lilelile, mahali palepale, likiwa na mti uleule ukingoni, ingawa hawajuani na kompyuta zao hazijawahi kuunganishwa.

Mbegu ikiwa ni neno, toleo la kompyuta linalojulikana kama Java huligeuza kwanza kuwa namba. Utaratibu wake ni mwepesi hata unaweza kufanywa kwa penseli: chukua namba ambayo kompyuta huitambulia herufi ya kwanza, izidishe kwa 31, jumlisha namba ya herufi ya pili, zidisha tena kwa 31, na uendelee hivyo hadi herufi ya mwisho. T kubwa ni 84, a ndogo ni 97, n ni 110 na g ni 103. Nimelifanyia hesabu hiyo neno Tanga na jibu lake ni 80,574,491. Ukiandika tanga kwa t ndogo, ambayo namba yake ni 116, unapata 110,127,163, na dunia inayotoka ni nyingine kabisa. Gemu, kwa hiyo, inajua kwamba mji wa Tanga si tanga la jahazi, jambo ambalo baadhi ya wahariri wetu hulisahau. Jibu likizidi kiasi fulani hukunjwa ili lienee katika nafasi 4,294,967,296, na maneno yote ya lugha zote za wanadamu hugawana nafasi hizo tu, wakati mbegu za namba huruhusiwa kufika zaidi ya trilioni milioni 18. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni, kwa maana ndipo ulipo mtihani ninaotaka wasomaji waufanye wenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi ulipatikana mwaka 2020. Kwa miaka mingi gemu hii ilikuwa na picha mbili zilizozoeleka machoni pa kila mchezaji, moja ikiwa mandhari inayozunguka nyuma ya ukurasa wa kufungulia, na nyingine ikiwa kapicha kadogo kenye ukungu ka pwani, maporomoko ya maji na miti. Hakuna aliyekuwa ameitunza mbegu ya dunia zile. Watu wa kujitolea, wakiziunganisha kompyuta zao za nyumbani ili zigawane hesabu, waliyasoma mawingu, wakahesabu matofali, wakayatafuta maporomoko yale katika mabilioni ya dunia zinazowezekana, na mwaka huo wakazipata mbegu zote mbili. Kitu cha kubahatisha hakirudishwi namna hiyo. Ukimwaga mtama sakafuni hutaweza kuitazama picha yake miaka kumi baadaye ukasema mkono uliomwaga ulisimama wapi; hapa iliwezekana, kwa kuwa kila tofali lilikuwa jibu la swali moja.

Sasa nieleze sura ya nchi yenyewe inavyopatikana, nami nitachukua muda, kwa sababu makala iliipita sehemu hii kwa sentensi moja. Msingi wake ni kitu ambacho wataalamu hukiita kelele, ingawa hakitoi sauti yoyote. Kilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Ken Perlin, ambaye alikuwa ameshiriki kutengeneza picha za kompyuta za filamu iliyotoka mwaka uliotangulia na akachoshwa na jinsi kila kitu kilivyong'aa kama kimetoka kiwandani. Aliichapisha mbinu yake mwaka 1985, na mwaka 1997 wale wanaotoa tuzo za Oscar wakamtunuku tuzo ya ufundi kwa kazi hiyo. Fikiria karatasi ya miraba kama ile tuliyochorea grafu shuleni, na penye kila makutano ya mistari uchomeke mshale unaoelekea upande wowote. Penye makutano yenyewe thamani ni sifuri. Ukisogea kule mshale unakoelekea thamani inapanda, ukienda kinyume inashuka, na ndani ya mraba thamani za pembe zake nne huchanganywa polepole ili pasiwe na ukingo mkali. Matokeo yake ni vilima na mabonde laini yasiyojirudia machoni. Kisha huwekwa karatasi nyingine ya miraba midogo zaidi juu ya ile ya kwanza, na nyingine tena, ya kwanza ikitoa milima, ya pili vichuguu, ya tatu mikwaruzo.

Markus Persson, Mswidi aliyeitoa gemu hii kwa umma mwezi Mei 2009, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba mwanzoni aliitumia kelele hiyo kama ramani ya urefu: kila mahali namba moja, na namba hiyo ndiyo kimo cha ardhi. Mpima ardhi yeyote ataitambua; ndivyo ramani zetu zilivyo. Ila dunia iliyotokana nayo haikumpendeza, kwa kuwa ramani ya urefu haiwezi kuwa na mwamba ulioinama juu ya kichwa cha mtu wala pango lililo wazi ubavuni mwa mlima, maana kila mahali panaruhusiwa kimo kimoja tu. Akabadilisha swali. Badala ya kuuliza ardhi hapa ina kimo gani, akauliza kila nukta ya anga na ya chini ya ardhi ina densiti gani, yaani imejaa kiasi gani. Ikiwa chini ya sifuri ni hewa, ikiwa sifuri au zaidi ni jiwe. Kisha akaongeza sharti la kwamba kadiri unavyopanda densiti hupunguzwa, na kadiri unavyoshuka huongezwa, ili juu kubaki hewa na chini kubaki mwamba.

Hapo ndipo visiwa vinavyoelea vilipozaliwa. Sharti lile la kupunguza densiti linaisukuma hewa iwe hewa, lakini halina nguvu ya kuzuia kila kitu, na penye kelele yenye thamani kubwa isiyo ya kawaida donge la densiti chanya hubaki juu peke yake, limezungukwa na hasi pande zote. Fomula haijui uzito wala mvutano, haijui kwamba jiwe linahitaji kushikwa. Inajua chanya na hasi tu. Mwandishi wenu alikiona kisiwa kile akasema fundi amekosea. Mimi nilipokiona nilifurahi kama mwanafunzi aliyeletewa mwamba uliopasuliwa katikati, kwa sababu kile ni fomula yenyewe ikionekana kwa macho. Ukikitaka kisiwa kiondoke, ongeza nguvu ya sharti la kimo, na hapohapo utayapoteza magenge yaliyoinama na matao ya mawe ambayo makala ileile iliyasifu katika aya iliyofuata.

Kuna na jambo dogo lililonigusa kwa sababu za kikazi. Kupima densiti ya kila tofali kungechukua muda mrefu mno, kwa hiyo kompyuta hupima nukta moja kwa kila matofali 4 ya ubapa na kila matofali 8 ya kimo, yaani tofali 1 katika kila 128, na yaliyobaki katikati hujazwa kwa uwiano. Ndivyo tulivyofanya sisi maisha yetu yote: unapima kituo hiki na kituo kile, kisha mistari ya kontua kati yao unaipitisha kwa makadirio ukiomba Mungu pasiwe na shimo ambalo hukuliona.

Nije kwenye ule mto wangu. Mito ya Minecraft haitoki milimani ikashuka baharini. Maji yake yako katika kimo kilekile cha usawa wa bahari kutoka mwanzo hadi mwisho, yametulia kama ya kwenye beseni, na mara nyingi mto unaunganisha bahari na bahari au unajizungusha ukarudi ulikotoka. Nilidhani ni uzembe mpaka nilipoelewa dunia ile inavyojengwa. Haitengenezwi yote kwa pamoja. Hutengenezwa kwa vipande vya matofali 16 kwa 16, kila kipande kikitokea pale tu mchezaji anapokikaribia, naye anaweza kukifikia kutoka kaskazini au kutoka kusini, leo au baada ya miaka miwili. Ni lazima kipande kitoke vilevile kwa njia yoyote atakayopitia, na kwa hiyo hakiruhusiwi kuuliza habari za kipande cha mbali ambacho huenda hakijazaliwa bado. Sasa mtazame Pangani wetu. Maji yanayopita Korogwe yamekusanywa kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na huwezi kujua mto utapita wapi wala utakuwa na upana gani mpaka uijue nchi yote inayoinamia kwake. Mto wa kweli ni jumla ya kila kilicho juu yake. Dunia inayojengwa kipande kwa kipande, kila kimoja bila ya kusubiri kingine, haiwezi kuijua jumla hiyo, na ndiyo sababu mto wa gemu umebaki kuwa mstari tu unaochorwa mahali ambapo namba fulani ya kelele inakaribia sifuri. Huo si uvivu. Ni gharama waliyokubali kulipa ili dunia iweze kuanzia popote.

Tangu toleo la 1.18, lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, hali ya nchi huamuliwa na namba kadhaa za kelele zinazopishana: joto, unyevu, ubara, mmomonyoko, na moja ambayo waundaji wenyewe waliipa jina la uajabu. Mito hufuata hiyo ya uajabu. Mmomonyoko nao, niwaonye walimu wa jiografia, haumomonyoi kitu. Hakuna mvua iliyonyesha wala udongo uliohama, ni namba inayosema nchi iwe tambarare au iwe ya magenge. Wanafunzi wakiambiwa kwamba humo wanaona mmomonyoko watakuwa wamefundishwa neno wakaachwa bila kitu chenyewe.

Sitetei kila kituko. Vijiji vinavyojengwa ukingoni mwa korongo, mlango wa nyumba ukifunguka hewani kwa sababu kila nyumba hutafuta kimo cha ardhi mahali pake yenyewe pasipo kujali ya jirani, havina maelezo ya kuvutia. Hiyo ni kazi ya haraka, na mwandishi wenu akisema hivyo kuhusu vijiji sitambishia. Vivyo hivyo na madimbwi ya lava yanayotokea kando ya nyumba za mbao, nyumba zikateketea kabla ya mgeni kufika. Mchanga unaoning'inia juu ya pango bila ya kuanguka ni kitu cha katikati: mchanga humo una sheria ya kuanguka, lakini sheria hiyo huamka pale tofali la jirani linapoguswa, na wakati wa uumbaji hakuna aliyeugusa. Unasubiri mguso wa kwanza, na mara nyingi mguso huo ni wa kichwa chako. Na hazina zilizozikwa pwani, katika toleo la Java, daima huwa mahali palepale ndani ya kipande chake, namba 9 kwa 9 ukihesabu kutoka sifuri, hata vijana wanaojua hawahitaji ramani ya maharamia bali kujua kuhesabu.

Jambo linaloonekana wazi zaidi kwa mtu wa ramani ni ukuta wa matoleo. Kipande kikishatengenezwa huhifadhiwa kama kilivyo, lakini kile ambacho hakijafikiwa hutengenezwa kwa fomula ya siku kitakapofikiwa. Kabla ya 1.18, mtu aliyeifungua dunia yake ya zamani katika toleo lililokuja na fomula nyingine ya ardhi na akatembea kupita mipaka aliyoifikia, alikuta mlima umekatwa wima kama mkate, upande wa pili bahari, na mkato ukifuata mistari ya vipande bila ya kupinda hata kidogo. Vijana huita hitilafu. Mimi nilicheka, kwa kuwa nimeishi na jambo hilohilo ofisini: ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, vifaa vya satelaiti vinatumia mfumo mwingine, WGS84, na ukiziweka karatasi mbili za mifumo tofauti ubavu kwa ubavu bila ya kuzigeuza, jiwe la mpaka linahama takriban mita 300, na watu wawili wenye hati halali wanaanza kugombana. Toleo la 1.18, ambalo pia liliongeza kimo chote cha dunia kutoka matofali 256 hadi 384, lilileta utaratibu wa kuulainisha mpaka kati ya ardhi ya kale na mpya. Ni kazi nzuri, ila nakiri nimeukosa ule ukuta, maana ulikuwa ukionyesha kwa mkato mmoja nchi ilivyofikiriwa jana na inavyofikiriwa leo.

Sasa mwisho wa dunia. Katika toleo la Java la sasa mpaka umewekwa kiasi cha matofali milioni 30 kutoka kitovuni kwa kila upande. Tofali likiwa mita 1, eneo lote ni kilomita za mraba bilioni 3.6, mara 7 ya uso wote wa Dunia yetu pamoja na bahari zake. Ni kubwa mno, lakini kubwa mno si sawa na isiyo na mwisho, na gazeti lisiyachanganye maneno hayo, kwa sababu mwisho wa zamani wa gemu hii ndio kituko chake kikuu kuliko vyote na kinastahili kuelezwa vizuri.

Hadi toleo la majaribio la Beta 1.7.3, ukitembea mita 12,550,821 kutoka kitovuni ulifika mahali ambapo ardhi ilisimama ghafla kuwa ukuta unaofika kileleni mwa dunia, umetobolewa kama sega la nyuki, na vishimo vyake ni mahandaki marefu yanayokwenda moja kwa moja hadi macho yashindwe. Wachezaji wenye Kiingereza walipaita Far Lands. Wengi walidhani ni mapambo. Chanzo chake ni hesabu. Ili kujua uko katika mraba gani wa kelele, kompyuta huyakuza majiranukta yako, yaani namba zinazotaja mahali ulipo, kwa kiasi cha 171.103, kisha huigawa namba hiyo sehemu mbili: namba kamili, inayotaja mraba, na desimali iliyobaki, inayotaja uko wapi ndani ya mraba. Namba kamili ya aina iliyotumika haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Gawanya namba hiyo kwa 171.103 na utapata milioni 12 na laki 5 na ushei, ndipo penye ukuta. Ukivuka hapo namba kamili inagota, haiongezeki tena, na kile kinachobaki, ambacho kilitakiwa daima kiwe chini ya 1, kinaanza kukua kila unapopiga hatua. Fomula ya kuchanganya pembe za mraba, iliyoundwa kwa ajili ya kitu kilicho kati ya 0 na 1, ikilishwa 50 au 500 hutapika namba kubwa za kutisha, na sharti la kimo linalotenga mbingu na ardhi linazama ndani yake lisionekane. Kwa hiyo jiwe linapanda hadi juu kabisa, na hewa inashuka hadi chini.

Umbali wenyewe unakaribia kipenyo cha Dunia, ambacho ni kilomita 12,742. Kwa mwendo wa kawaida wa kutembea katika gemu, mita 4.3 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 800 bila ya kulala wala kusimama. Mmarekani anayejulikana kama Kurt J. Mac alianza safari hiyo kwa miguu mwezi Machi 2011, akielekea magharibi, akijirekodi na kuchangisha fedha za hisani kwa ajili ya watoto walioko hospitalini. Mwezi Septemba mwaka huohuo likatoka toleo la Beta 1.8, fomula ikarekebishwa, na ukuta ukatoweka. Yeye akakataa kuhama toleo. Akabaki akitembea katika dunia ya zamani, miaka nenda miaka rudi, kuelekea dosari ambayo kwa wengine wote ilishafutwa, na sijui kama mwandishi wenu angemweleza mtu huyo kwamba alichokuwa akikiendea ni uvivu wa mafundi.

Wale wanaochezea kwenye simu, ambao kwetu ndio wengi, wana mwisho wa namna nyingine. Toleo lao hutumia namba za desimali zilizo fupi, na namba za aina hiyo zikifika 16,777,216 haziwezi tena kutofautisha kila mita na inayoifuata. Hata kabla ya hapo mwendo huanza kukwama na kuruka, kama prizma, kile kioo cha kupimia umbali, iliyoshikwa na mtu mwenye homa. Ramani inayoishiwa tarakimu huishiwa na ardhi, na hili tulilijua tangu enzi za rula ya kutelezesha tuliyopigia hesabu kabla ya vikokotoo.

Neno moja kuhusu aya ya mwisho ya makala, iliyosema kwamba Umoja wa Mataifa unaitumia gemu hii kupanga miji, na kwamba kwa hiyo milima yake lazima iwe ya kweli. Ni kweli kwamba UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, imeshirikiana na waundaji wa gemu tangu mwaka 2012 ili wakazi, wakiwemo wa Kibera, wajenge kwa matofali yale viwanja na njia wanazozitaka. Lakini katika kazi ya namna hiyo mbegu haina shughuli. Uso wa nchi hutolewa kwenye vipimo na picha za mahali penyewe, ndipo watu wakaingia kujenga. Hapo kuna mtu alikwenda na kipimo akapima. Kelele haikumpimia mtu kiwanja.

Namalizia na ule mtihani. Msomaji mwenye toleo la Java afungue dunia mpya aandike mbegu Tanga, kisha afungue ya pili kwa kuacha mipangilio yote kama ilivyo na kuandika UBnga, yaani U kubwa, B kubwa, n, g, a. T ni 84, mara 31 ni 2,604, ongeza 97 ya a unapata 2,701. U ni 85, mara 31 ni 2,635, ongeza 66 ya B unapata 2,701 vilevile, na herufi zilizobaki ni zilezile. Asimame katika dunia zote mbili, atembee mita 1,000 kuelekea mashariki, na aniambie kupitia ukurasa huu kama ameona hata jani moja lililotofautiana. Asiyeamini maneno kabisa aandike namba tupu, 80574491, na atatukuta sote palepale.

Mpima ardhi mstaafu,
Korogwe, Tanga